Ahadi ya Hadharani: Mitandao ya Kijamii katika Biashara ya Migahawa na Kumbi za Sherehe

Biashara ya kulisha watu na biashara ya kukodisha ukumbi wa sherehe zinafanana katika jambo moja ambalo ndilo msingi wa mhadhara huu, nalo ni kwamba mteja hununua kitu ambacho hajakiona. Anayenunua mchele sokoni huutia kiganjani, akautazama na kuunusa kabla ya kutoa fedha yake, lakini familia inayolipia ukumbi mwezi Juni kwa ajili ya harusi ya Desemba hulipia usiku ambao bado haujafika, pamoja na umeme, viti, usafi wa vyoo na uungwana wa walinzi wa usiku huo. Na mfanyakazi wa Dar es Salaam anayetoka Posta kwenda Sinza kula kuku wa kuchoma amekwisha kutoa nauli na jioni yake kabla hajaonja chochote. Kwa kuwa bidhaa haiwezi kukaguliwa mapema, kinachouzwa kwanza katika biashara hizi ni imani, na kwa miaka mingi imani hiyo ilisafiri kwa mdomo, jirani akimsimulia jirani na shemeji akimwelekeza shemeji. Mitandao ya kijamii haikuiondoa njia hiyo ya zamani, bali imeipa maandishi, picha na kumbukumbu, kiasi kwamba neno la mwenye biashara na neno la mteja wake sasa hukaa mahali pamoja, mbele ya macho ya watu wote.

Kwa mitandao ya kijamii hapa kunakusudiwa huduma za intaneti ambazo maudhui yake hutengenezwa na watumiaji wenyewe, wakaoneshana, wakajibizana na kusambaziana, tofauti na redio au gazeti ambalo mtangazaji husema na msikilizaji husikiliza. Facebook ilianza mwaka 2004, WhatsApp mwaka 2009 na Instagram mwaka 2010, na TikTok ikaanza kuenea nje ya China tangu mwaka 2017. Afrika Mashariki iliingia katika huduma hizo kwa kasi baada ya mkongo wa chini ya bahari wa Seacom kuanza kazi Julai 2009, kwa kuwa kabla ya hapo eneo hili lilitegemea setilaiti, ambazo gharama yake ilikuwa kubwa na kasi yake ndogo. Ni vyema ikumbukwe pia kwamba Facebook ilinunua Instagram mwaka 2012 na WhatsApp mwaka 2014, hivyo mlango wa biashara nyingi za mitaani, ambao kwa nje unaonekana kuwa milango mitatu, umo mikononi mwa kampuni moja, ambayo tangu Oktoba 2021 inaitwa Meta.

Jambo ambalo wenye migahawa wengi hawajalielewa vizuri ni namna posti inavyowafikia watu. Mtu anapofungua Instagram haoneshwi kila kilichopostiwa na kila anayemfuata. Anaoneshwa kilichochaguliwa na algorithimu, yaani kanuni za kompyuta zinazokisia ni kipi kitakachomfanya mtu huyo asimame, atazame, aandike neno au ampelekee mwenzake. Mwaka 2016 Instagram iliacha kupanga posti kwa kufuata saa zilipowekwa, na Januari 2018 Mark Zuckerberg, mwanzilishi wa Facebook, alitangaza kwamba mtandao wake utatanguliza mambo ya ndugu na marafiki kuliko yale ya kampuni na vyombo vya habari. Maana yake kwa mwenye mgahawa ni nzito. Ukurasa wenye wafuasi 40,000 unaweza kuonwa na wachache kati yao, hasa kama wafuasi hao walinunuliwa au walivutwa kwa bahati nasibu ya simu, ilhali picha moja ya sahani iliyowekwa na mteja wa kawaida inaweza kuwafikia binamu zake wote, majirani zake na wafanyakazi wenzake, ambao ndio hasa wanaoishi karibu na mgahawa huo na wanaoweza kufika. Kwa hiyo swali linalopaswa kuulizwa si mwenye biashara aposti nini, bali mteja ameona nini pale mezani kinachostahili apige picha na kuwatumia wenzake.

Mfano ulio wazi zaidi katika eneo hili ulitolewa na Zuckerberg mwenyewe, alipofika Nairobi mwanzoni mwa Septemba 2016 na kula chakula cha mchana kwa Mama Oliech, mgahawa wa samaki ulioanzishwa na mama wa mchezaji mpira Dennis Oliech, akiwa pamoja na Joe Mucheru, aliyekuwa Waziri wa Habari, Mawasiliano na Teknolojia wa Kenya. Baadaye aliandika katika ukurasa wake kwamba alikula ugali na samaki mzima wa kukaanga kwa mara ya kwanza, na jina la mgahawa huo likazunguka dunia. Wengi waliichukulia habari hiyo kuwa bahati ya kutembelewa na tajiri, lakini tafsiri hiyo inakosa kiini cha jambo, kwa sababu mgahawa ule haukubadili chakula wala haukumwekea mgeni meza ya kigeni. Sifa yake ilikwisha kujengwa na walaji wa Nairobi miaka mingi kabla ya siku hiyo, na kitu alichokila mgeni ni kilekile walichokuwa wakikila wateja wa kila siku. Posti ile ilibeba sifa iliyokuwapo, isingeweza kuizua.

Kanuni hiyo hiyo, ikishushwa hadi ngazi ya chini kabisa ya biashara ya chakula, huonekana kwa uzuri zaidi kwa mama lishe, na huenda hapo ndipo mtandao unapotumika kwa akili kuliko katika hoteli kubwa zenye idara ya masoko. Mama lishe mwenye meza tatu karibu na ofisi au gereji huweka katika hali ya WhatsApp, yaani ile sehemu ambayo picha hukaa kwa saa 24 kisha ikatoweka yenyewe, picha ya vyungu vya siku hiyo ifikapo saa nne asubuhi: wali na maharage, ndizi nyama, samaki wa nazi, mchicha, na bei ya kila sahani. Wateja wake wameihifadhi namba yake kwa sababu humpigia awapelekee chakula, hivyo picha huwafikia wakati njaa inapoanza, nao hujibu mara moja kwa kuagiza na kulipa kwa simu. Hakuna algorithimu inayoingilia kati, hakuna fedha ya tangazo, na picha moja haimmalizii mtu bando kama video ndefu inavyofanya. Mwenye mgahawa mkubwa anayelalamika kwamba video zake za gharama hazileti wateja angefaidika kwa kulitazama jambo hilo kwa heshima, maana mama lishe amejua mambo matatu ambayo yeye ameyapuuza: saa ya njaa ya mteja, bei anayoimudu, na ukweli kwamba anayeagiza leo ataagiza na kesho endapo sahani itafanana na picha.

WhatsApp ina kanuni moja ya kiufundi inayounga mkono busara hiyo. Orodha ya matangazo, ambayo ni njia ya kuwatumia watu hadi 256 ujumbe mmoja kwa mpigo huku kila mmoja akiupokea kama ujumbe wake binafsi, huwafikia wale tu waliohifadhi namba ya mtumaji katika simu zao. Anayekusanya namba za watu kiholela na kuwamwagia matangazo atatuma bila kufika, na wachache watakaofikiwa watamfungia. Namba inayohifadhiwa ni ile iliyomhudumia mtu vizuri.

Ukumbi wa sherehe ni suala tofauti na mgahawa, na linahitaji kutazamwa kwa urefu, kwa kuwa katika miji ya Tanzania uamuzi wa kukodi ukumbi haufanywi na mtu mmoja anayetazama simu yake kitandani. Unafanywa na kamati. Harusi, sherehe ya kumuaga binti, kipaimara au jubilei ya ndoa huwa na mwenyekiti, katibu na mhazini, huwa na vikao na ahadi za michango, na siku hizi huwa na kundi la WhatsApp ambamo wajumbe wa Dar es Salaam, Mwanza, Mbeya na hata ndugu walioko Muscat au London hufuatilia mapato na matumizi. Mjumbe anayepewa kazi ya kutafuta ukumbi hapaswi kuvutiwa yeye peke yake. Anapaswa kurudi kwenye kundi na taarifa inayoweza kujadiliwa, kulinganishwa na kupigiwa hesabu na watu ambao hawatafika kuukagua ukumbi huo. Ukurasa wa ukumbi unapaswa kuandikwa kwa ajili ya mjumbe huyo, na hapo ndipo kurasa nyingi zinapoanguka vibaya.

Kwanza, picha zinazowekwa si za ukumbi. Ni picha za vitambaa, maua, taa na steji ya mpambaji fulani aliyelipwa na familia fulani, na mjumbe anapofika kukagua anakuta kuta tupu, feni na viti vya plastiki, kisha anaambiwa kwamba mapambo ni gharama ya mteja mwenyewe. Hapo ukumbi haujasema uongo kwa maneno, lakini umesema uongo kwa picha, na kamati iliyokwisha kuipitisha picha ile katika kikao huona imedanganywa. Ukumbi mwaminifu huweka picha za aina mbili, moja ya ukumbi ulivyo mchana bila mapambo, na nyingine ukiwa umepambwa, ikiambatana na jina la aliyepamba na maelezo kwamba kazi hiyo hulipiwa kando. Kumtaja mpambaji, mpishi, mpiga picha na mshereheshaji kuna faida ya pili, kwa kuwa hao nao watausambaza ukurasa huo kwa wateja wao, na katika biashara ya sherehe watu hao ndio wanaoulizwa kwanza, “Unaujua ukumbi gani mzuri?”

Pili ni bei. Desturi ya kuandika “bei njoo inboksi” imeenea kiasi cha kuonekana ya kawaida, na wanaoitetea husema kwamba bei hutegemea siku, idadi ya wageni na mahitaji ya mteja, jambo ambalo ni kweli. Hata hivyo, hoja hiyo haitoshelezi. Bei inayotegemea siku inaweza kuandikwa kwa siku: Jumamosi kiasi fulani, Jumapili kiasi fulani, siku za kazi kiasi fulani, ikiambatana na orodha ya vilivyomo na visivyomo. Kamati yenye bajeti iliyokwisha kukadiriwa haina muda wa kubembeleza majibu ya kumbi sita. Itapeleka kikaoni zile tatu zilizojieleza. Tena kuficha bei huzaa shaka kwamba mteja anapimwa kwanza kwa lafudhi yake, gari lake au jina la ukoo wake kabla ya kutajiwa kiwango, na shaka hiyo ikishaingia katika kundi la watu 60 haitoki.

Yapo pia maelezo madogo ambayo hayapendezi kwa picha lakini ndiyo huamua. Ukumbi unaodai kuchukua watu 500 unapaswa kueleza kama idadi hiyo ni ya viti vilivyopangwa mistari kama mkutanoni au ya meza za duara za watu kumi kumi pamoja na nafasi ya kucheza, kwa kuwa tofauti yake ni kubwa. Unapaswa kueleza kama mpishi wa nje anaruhusiwa, kama vinywaji vinaweza kuletwa na familia na kwa tozo gani, jenereta ina uwezo gani, magari yanaegeshwa wapi, muziki huzimwa saa ngapi, na malipo ya awali hurudishwa kwa masharti gani endapo msiba utatokea. Kalenda nayo ina thamani kuliko picha nyingi. Waislamu wengi hawafanyi harusi mwezi wa Ramadhani, na parokia nyingi za Kikatoliki hazifungishi ndoa wakati wa Kwaresima, hivyo kumbi hukaa wazi majuma hayo na kugombewa Desemba. Ukumbi unaotangaza mapema tarehe zilizobaki za Desemba, na kutangaza majuma matupu kwa bei nafuu kwa ajili ya semina, mahafali na futari za taasisi, unawasaidia wateja wake na kujisaidia wenyewe.

Ahadi ya hadharani ina upande wake wa sheria pia, na wenye biashara wengi huujua baada ya kuumia. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data nchini Kenya iliitoza klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 za Kenya kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake, na wakati huohuo shule moja ikatozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ambayo inatambua kwamba taarifa zinazomtambulisha mtu zina mwenyewe na haziokotwi kama mali ya umma. Mteja anayekula na mwenzake gizani, bibi harusi ambaye familia yake haitaki aonwe na wanaume wasiomhusu, watoto katika sherehe ya kuzaliwa, wote hao wana haki ya kuulizwa kabla kamera haijawageukia. Hata kama sheria isingekuwapo, adabu ya ukarimu wa Waswahili ingetosha kulizuia jambo hilo, kwa sababu mgeni hakuja kuwa tangazo. Kifungu kimoja katika mkataba wa ukumbi, kinachoiuliza familia kama picha zake zinaweza kutumika na zipi zisitumike, kinamaliza suala hili bila gharama yoyote. Muziki nao una wenyewe: akaunti za biashara hazina ruhusa ya kutumia nyimbo zote ambazo mtu binafsi anaweza kuziweka katika video yake, na video ya mgahawa iliyobebwa na wimbo unaovuma inaweza kunyamazishwa.

Kuhusu washawishi, yaani watu wenye wafuasi wengi wanaolipwa ili wausifie mgahawa au ukumbi, yatosha kusema kwamba sifa ya kununua ina uzito mdogo panapotakiwa imani, na kwamba anayelipwa anapaswa kusema amelipwa. Kisa kinachotajwa zaidi duniani ni tamasha la Fyre la Aprili 2017 katika visiwa vya Bahamas, lililotangazwa Instagram na wanamitindo mashuhuri kuwa karamu ya anasa, na waliolipa fedha nyingi wakafika na kukuta mahema ya dharura na mikate yenye jibini. Mwandaaji wake, Billy McFarland, alihukumiwa kifungo cha miaka sita mwaka 2018. Kisa hicho kinaonesha kwamba mtandao uliouza tiketi ndio huohuo uliopeperusha picha za mikate ile kwa saa chache.

Nguvu iliyo kinyume na hiyo, ya ushuhuda usiolipiwa, imepimwa. Michael Luca wa Harvard Business School, katika utafiti wa mwaka 2011 kuhusu migahawa ya Seattle nchini Marekani, alilinganisha mapato ya migahawa hiyo na nyota ambazo wateja waliipa katika tovuti ya Yelp, akakuta kwamba nyota moja ya ziada iliongeza mapato kwa asilimia 5 hadi 9, na kwamba athari hiyo ilionekana katika migahawa inayojitegemea wala si katika ile ya kampuni zenye matawi mengi. Sababu yake inaeleweka: tawi la kampuni kubwa linajulikana kabla halijaonjwa, bali mgahawa wa mtu mmoja haujulikani mpaka waliokula waseme. Yelp haitumiki sana Afrika Mashariki, lakini maoni yanayoachwa katika ramani za Google yanafanya kazi ileile, na mgahawa mdogo wa Morogoro au Kisumu una sababu kubwa kuliko hoteli ya kimataifa ya kuyasoma na kuyajibu. Malalamiko yanapoandikwa, jibu halimlengi mlalamikaji peke yake. Linasomwa na mamia ambao hawajafika. Kukiri kwamba chakula kilichelewa, kueleza kilichofanyika na kumwalika mteja arudi kunajenga zaidi ya posti kumi za kujisifu, ilhali kuyafuta malalamiko au kumtukana aliyeyaandika kunathibitisha alichokisema.

Baada ya hayo yote, ukurasa wa mtandaoni ni nyumba iliyojengwa kwenye kiwanja cha kupanga. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika duniani kote kwa takriban saa sita. Oktoba 2020, siku za uchaguzi mkuu, mitandao kadhaa ilibanwa nchini Tanzania. Na tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika baharini na kuidhoofisha intaneti ya Afrika Mashariki kwa siku kadhaa. Akaunti pia hudukuliwa, na mdukuzi wa akaunti ya ukumbi anaweza kupokea malipo ya awali ya harusi kwa jina lisilo lake, ndiyo maana malipo yanapaswa kuelekezwa kwenye lipa namba yenye jina la biashara, lililoandikwa pia katika kibao cha mlangoni na katika risiti. Daftari la wateja na namba zao, kibao kinachosomeka barabarani na simu inayopokelewa ni mali ya mwenye biashara mwenyewe, na havizimwi na mtu aliye California.

Wenye kumbi na migahawa hawahitaji kusubiri bajeti wala mtaalamu wa masoko ili waanze. Waziondoe leo picha za mapambo yasiyo yao au wayataje majina ya wenyewe, waandike bei na idadi halisi ya meza, na wamteue mtu mmoja wa kujibu ujumbe kila siku. Nazo kamati za sherehe zikatae kukipelekea kikao ukumbi wowote usiotaja bei yake hadharani.